Kutoka Kyaghanda Mpaka Parsele: Namna Miji Yetu Ilivyojipanga

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la jiografia ya miji, ninachora ubaoni duara tano, moja ndani ya nyingine. Ninaandika juu yake: Chicago, 1925. Wanafunzi wananakili bila kelele, kwa maana wanajua swali hilo linaweza kutoka kwenye mtihani. Lakini siku moja kijana mmoja wa hapa kwetu Mabalako aliinua mkono: "Mwalimu, hii muji haina mulima? Haina barabara? Na mashamba ya watu iko wapi?" Darasa lote lilicheka. Mimi sikucheka sana, juu nilikuwa sina jibu tayari.

Makala haya ni jibu langu, limechelewa. Ninaliandika katika kitabu hiki cha mila kwa sababu namna ya kupanga makao ni mila kama zilivyo mila zingine. Mtu akijenga nyumba, anaonyesha anaogopa nini, anaheshimu nani, na anawaza nini juu ya watoto wake.

1. Mzee hakuwa na ramani, lakini alikuwa na mpango

Tuanze na mugini wa zamani. Wazee wetu Wayira, wale tunaoitwa pia Wanande, hawakujenga nyumba kwa kuzibananisha kama katika sité. Juu ya milima ya Lubero na ya Isale kila jamaa ilikaa kwenye mgongo wake wa kilima. Nyumba ilizungukwa na migomba, kwa sababu migomba inataka majivu, maganda na taka za jikoni. Baada ya migomba yalifuata mashamba ya maharagwe na ulezi. Mbele zaidi walichunga mbuzi, na mwisho kabisa ulikuwa msitu: kuni, miti ya kujengea, dawa. Wafu nao walizikwa karibu na makao, ili kila mtu ajue ni nani aliyetangulia kulima pale.

Ukiangalia vizuri, hiyo pia ni duara ndani ya duara. Mkulima mmoja Mjerumani, jina lake Johann Heinrich von Thünen, aliandika jambo linalofanana na hilo mwaka 1826. Alisema: kitu kinachooza haraka au kinachohitaji mkono kila siku kinalimwa karibu na soko, kile kinachoweza kungoja kinakaa mbali. Yeye alihesabu gharama ya farasi na mkokoteni. Mama wa kwetu alihesabu mgongo wake na kikapu chake. Hesabu ni ileile.

Katikati ya makao hapakuwa soko wala magazini. Palikuwa kyaghanda: fasi ya wanaume kukutana jioni kando ya moto, kula pamoja, kupokea mgeni, kukata maneno ya mipaka na ya ndoa, na kufundisha vijana. Ndiyo maana hata leo jina hilo limechukuliwa kwa kuita mikutano ya Wayira walio katika miji ya mbali. Soko lilikuwa kwingine, mara nyingi pale watu wa juu walipokutana na watu wa chini. Chumvi ya Katwe, kando ya Ziwa Edward, ilipanda milima. Vyakula vya milimani vilishuka. Kwa hiyo wazee walitenganisha fasi ya maneno na fasi ya biashara. Tushike jambo hilo, tutalirudilia.

Na ardhi? Haikuuzishwa. Mgeni alikuja kwa mwenye ardhi na mbuzi na kasiksi, akaonyeshwa fasi ya kulima. Waswahili wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe hilo lilikuwa na sharti: unalima, unaheshimu, unatoa zawadi ya mavuno, lakini huwezi kumwuzishia mtu mwingine ile fasi uliyopewa.

2. Wataalamu wanne wa Marekani

Sasa turudi ubaoni. Ernest Burgess alikuwa mwalimu kwenye chuo kikuu cha Chicago. Mwaka 1925 alisema kwamba mji unakua kutoka katikati kwenda nje. Katikati kuna biashara kubwa. Duara la pili ni la viwanda na nyumba mbovu, na hapo ndipo mgeni maskini anapofikia akishuka kwenye treni. Duara la tatu ni la wafanyakazi. La nne ni la watu wenye uwezo, na la tano ni la wale wanaokaa mbali na kuja mjini kila asubuhi kwa kazi. Mtu akipata franga, anahama duara moja kwenda nje. Mgeni mpya anaingia nyuma yake. Yeye mwenyewe alijua kwamba hiyo ni picha ya kurahisisha. Hata Chicago ni nusu duara tu, kwa maana upande wa mashariki kuna ziwa.

Mwaka 1939 Homer Hoyt aliangalia kodi za nyumba katika miji 142 ya Marekani, akaona si duara, ni vipande kama vya keki. Matajiri wanafuata njia nzuri na fasi za juu. Viwanda vinafuata reli na mto. Maskini wanabaki upande ambao wengine hawakutaka. Mwaka 1945 Chauncy Harris na Edward Ullman wakasema tena: mji mkubwa hauna moyo mmoja. Una mioyo mingi: bandari, chuo, soko, kiwanda, na kila moyo unavuta watu wake.

Wote wanne walifikiri juu ya mji ambamo ardhi inauzishwa na kununuliwa kwa karatasi, na ambamo serikali inajenga barabara. Hatuwezi kuwalaumu. Kosa ni letu, sisi walimu, tukifundisha Chicago kama vile ni sheria ya dunia nzima.

3. Mji wa Wabelgiji

Wabelgiji walileta mpango wao, nao haukuwa wa duara wala wa keki. Katika miji mikubwa ya Kongo walitenganisha watu kwa rangi: mji wa wazungu huku, sité ya weusi kule, na katikati fasi tupu ambayo haikuruhusiwa kujengwa. Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910 na kupangwa namna hiyo, Léopoldville vilevile. Mwaka 1931 amri ya wakoloni iliunda vile vituo vya watu weusi walioishi nje ya utawala wa mila. Maana yake, mtu aliyeingia sité alitoka mkononi mwa mwami wake, lakini hakupewa ardhi kuwa mali yake kamili. Alikaa kama mpangaji wa serikali.

Huku kwetu mambo yalikuwa madogo zaidi. Butembo ilianza katika miaka ya 1920 kama kambi ya kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, juu ya milima, katika ardhi ya watu waliokuwa wakilima tayari. Wamisionari Waasumpsioni walifika eneo la Beni mwaka 1929. Posta ya kwanza ya Beni ilikuwa chini, upande wa mto Semliki. Beni tunayoijua leo ni ya pili, iliyohamia juu. Kwa hiyo Beni yenyewe ni mji uliohama, kabla watu wake hawajajua kuhama.

Wakati huohuo watu walisukumwa. Ugonjwa wa malale ulileta amri za kuwatoa bondeni kwa Semliki. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, iliundwa mwaka 1925 na kupanuliwa katika miaka ya 1930. Ikachukua mashamba na mavuvi. Milima ya Lubero ikajaa. Wengi wakateremka upande wa magharibi, kwenye pori la Wambuba, Walese, Wapakombe na Wambuti, ndiyo huku Mabalako na Mangina. Wazee wetu wengi walifika hivyo, na mbuzi mkononi, wakaomba fasi. Tusisahau tulikuja namna gani.

4. Butembo: mji wa mstari

Ukisimama leo juu ya kilima chochote cha Butembo, hutaona duara. Utaona mstari. Ni barabara ya taifa namba 2, inayotoka Goma, inapita Lubero, inaingia mjini na kuendelea Beni, karibu kilometa 54. Kando yake magazini ya etaje yamesimama bega kwa bega. Ukiingia nyuma yake hatua chache tu, unakuta migomba, mbuzi na nyumba ya udongo. Bei ya ardhi haishuki kwa kuhesabu umbali kutoka katikati, sawa Burgess alivyosema. Inashuka kwa kuhesabu umbali kutoka barabarani.

Mji huu serikali ilichangia kidogo sana kuujenga. Mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alinyang'anya wageni biashara zao. Wagiriki na wengine wakaondoka, na wafanyabiashara Wanande wakapanda. Walianza na maharagwe, vitunguu na kahawa. Wakafika mpaka Dubai na Asia ya Mashariki, wakirudi na makontena. Barabara zilipokufa, wafanyabiashara na kanisa, wakati wa Monseigneur Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997, walihimiza watu kuchanga na kufanya salongo ili njia zipitike. Chuo kikuu cha Graben kilifunguliwa 1989. Ni mwaka 2003 tu, watu wakiwa wengi sana tayari, ndipo Butembo ilipewa cheo cha mji pamoja na komine zake nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni nayo ilipewa mwaka uleule: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Kwetu mtoto alikomaa kwanza, jina akapewa baadaye.

Harris na Ullman wangefurahi kidogo Butembo: kuna moyo wa soko na magazini, moyo wa chuo kikuu, moyo wa Katwa na hospitali yake. Hoyt angefurahi kidogo pia, juu wenye uwezo wanapenda vilima vyenye njia, na maskini wanashuka kwenye miteremko mikali na mabondeni, ambako mvua inakula udongo na mafuriko yanaingia nyumbani. Lakini kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliona.

5. Mji unaotoka asubuhi

Katika duara la tano la Chicago, watu wanalala nje na kuingia mjini asubuhi. Kwetu ni kinyume. Simama alfajiri kwenye njia yoyote inayotoka Beni au Butembo. Utaona wamama na jembe begani, vijana na chukudu, motari wenye magunia matupu: wote wanatoka. Jioni wanarudi na mihogo, kuni na ndizi. Watu wengi wanalala mjini, lakini wanakula kutoka shambani. Ninauita mji wa jembe. Parsele ni ya kulala. Shamba ndilo linalolipa masomo ya watoto.

Mji wa namna hiyo unaishi kwa sharti moja tu: njia ya shambani iwe salama. Tangu mwezi wa kumi 2014 sharti hilo limevunjika upande wa Beni. Mauaji yalianzia pembeni mwa mji na kwenye mashamba. Rwangoma, tarehe 13 mwezi wa nane 2016, ni jina ambalo hakuna mtu wa Beni anayehitaji kuelezwa. Baadaye woga ulifika pia upande wa magharibi, upande wetu wa Mangina.

Ona sasa kinachotokea kwenye ramani. Mgeni wa Burgess anafikia katikati, kisha anasonga nje akipata uwezo. Mkimbizi wetu anatoka nje na kusonga ndani akipoteza uwezo. Anafikia kwa jamaa, watu kumi katika chumba kimoja, kisha anatafuta kipande cha parsele nyuma ya nyumba ya mtu. Parsele inakatwa mara mbili, mara nne. Na pembeni mwa mji kunakuwa duara la mashamba matupu: kakao inaiva na kuoza, kahawa inakauka mtini, nyumba zimefungwa. Hilo duara halimo kitabuni. Hata von Thünen amepinduliwa: shamba zuri si lile la karibu na soko, ni lile ambalo mtu anaweza kwenda na kurudi hai.

Ugonjwa nao ulituchorea ramani. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako. Haikutembea kwa duara. Ilifuata barabara: Mangina, Beni, Butembo na Katwa, fasi zilezile tunakopeleka wagonjwa, mazao na wanafunzi. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa, na wafu 2,287. Mjerumani mwingine, Walter Christaller, aliandika mwaka 1933 kwamba kila kijiji kina mji wake mdogo, na mji mdogo una mkubwa wake. Sisi tulilijifunza hilo kwa makaburi.

6. Kesi ya mti wa barza

Nimesema mengi juu ya miji mikubwa. Lakini kinachonisukuma kuandika kiko hapa karibu. Mangina sasa ni komine ya mashambani, na Mabalako yote inajaa. Kila wiki shamba moja linakatwa parsele. Miaka michache iliyopita jamaa mmoja wa ukoo wetu aliuzisha kipande ambacho baba mkubwa wangu alikuwa ameachia watu wote: fasi ya barza, chini ya mti, ambapo maneno ya mipaka yalikatwa tangu nikiwa mtoto. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa sababu ninajua kuandika. Nilisoma karatasi, nikaona vipimo viko sawa, nikaweka saini. Mtoto wa jamaa huyo alikuwa mgonjwa na franga zilihitajika haraka. Sikuuliza swali hata moja.

Mwaka uliofuata kipande hichohicho kiliuzishwa mara ya pili, kwa mtu mwingine, na karatasi nyingine kutoka ofisi nyingine. Walionunua wote wawili walikuja kwangu: "Mwalimu, si uliweka saini?" Tulitafuta fasi ya kukaa tukate maneno. Hapo ndipo nilielewa tulichokuwa tumeuzisha. Hapakuwa tena fasi. Tulikaa kando ya barabara, pikipiki zikipita, kila mtu akipiga kelele. Maneno hayo hayajakatwa.

Kwa sheria, ardhi yote ya Kongo ni ya serikali. Sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 zilisema hivyo. Ile ya 1973 iliahidi kwamba haki za watu kwenye ardhi ya mila zitapangwa baadaye kwa amri ya Rais. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo. Ndiyo sababu kukawa milango miwili: mmoja wa mwami na chefu, mwingine wa kadastri. Mwenye akili mbaya anapita huku akiuzisha, anarudi kule akiuzisha tena. Ardhi ya mbuzi na ardhi ya karatasi zimelala kitanda kimoja, na sisi tuko katikati tunasukumwa.

7. Tufanye nini?

Sisemi turudi kwenye mugini wa zamani. Watu ni wengi, na aliyekimbia panga hawezi kuambiwa angoje mpango. Lakini wazee walitenganisha fasi ya kulala, ya kulima, ya kuuzisha, ya kuzika na ya kukata maneno. Sisi tunachanganya zote katika parsele moja, kisha tunashangaa kwamba mto unaingia nyumbani na jirani anatuchukia.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, kwa wazee wa ukoo, kwa machefu wa kartie na wa nyumba kumi, na kwa vijana wetu wanaosoma.

Kwanza: kabla shamba halijakatwa, tutoe kwanza njia, shule, soko, makaburi na fasi ya barza. Kilichobaki ndicho kiuzishwe. Ukianza na parsele, njia haitapatikana tena, hata kwa franga.

Pili: tuandike. Mpaka, jina, shahidi wa ukoo, shahidi wa jirani, shahidi wa chefu, wote siku moja na mbele ya watu. Na shahidi aulize maswali. Ninasema hivyo nikijihukumu mwenyewe.

Tatu: tusimwite mkimbizi mvamizi. Babu zetu pia walifika hapa na mbuzi. Tumpe fasi ya kulala na, amani ikiruhusu, fasi ya kulima. Lakini tumpe kwa masharti yaliyo wazi, kama wao walivyopewa.

Yule kijana aliyeniuliza swali nilimpa kazi: achore Beni jinsi anavyoijua. Alileta karatasi. Katikati mstari mmoja mnene, barabara. Kando yake alama za soko na hospitali. Kuzunguka yote alichora ukanda mweupe bila kitu, akaandika ndani yake: "mashamba yetu". Nilimpa alama zote. Kisha nikamwuliza kwa nini hakuupaka rangi. Alisema: "Mwalimu, nitapaka siku tutarudilia kulima."

Tangu siku ile, kila mwaka ninachora duara za Chicago upande mmoja wa ubao, na ramani ya kijana huyo upande wa pili. Wanafunzi wanakamata zote mbili. Ya kwanza inawasaidia kushinda mtihani. Ya pili itawasaidia siku wataitwa, kama mimi, kuweka saini.